Eti wazazi maskini hawajali shule?

Hii kauli kwamba wazazi wenye kipato kidogo hawajali elimu nimeisikia miaka na miaka na si kweli kabisa. Malawi walipofuta ada ya shule ya msingi mwaka 1994, wanafunzi waliruka kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3, sasa hao wote walikuwa wapi kama si nyumbani, wengi wamekwamishwa na ada? Shida ikahamia darasani, watoto kibao mwalimu mmoja, vitabu havitoshi. Na hata ada ikiondoka bado kuna sare, madaftari, nauli, unakuta mtoto anafuta daftari la mwaka jana aliloandika kwa penseli ili aandike tena humo humo, halafu mtu anasema kwao hawajali, inauma jamani.