Marie Dressler: mguu kwanza, uso baadaye

Kila nikipokea kundi jipya la waigizaji wa vichekesho, somo la kwanza ni kipande cha mwisho cha filamu ya Dinner at Eight, ya mwaka 1933. Wageni wanaelekea mezani. Jean Harlow, msichana aliyejaa urembo ndani ya gauni jeupe linaloteleza mwilini, anamwambia mama mtu mzima aliye kando yake kwamba juzi alikuwa anasoma kitabu. Mama huyo ni Marie Dressler. Hatua inakatika. Ule mwili mnene unayumba mbele kama wa mtu aliyejikwaa kizingitini, ndipo uso unageuka. Kitabu? Naam, anasema Harlow, na mwenye kukiandika anadai mashine zitachukua nafasi ya kila kazi. Dressler anampima kwa macho kuanzia juu hadi chini, bila haraka, kisha anamtuliza: mwanangu, hilo lisikusumbue hata siku moja.

Nikirudia kipande hicho huwaambia wanafunzi wasitazame uso, watazame mguu. Neno limeingia sikioni, mguu umelipokea, uso umekuja baadaye. Angegeuza uso kwanza, tusingecheka. Na mguu ule ulikuwa na nusu karne ya kazi nyuma yake.

Alizaliwa mwaka 1868 mjini Cobourg, Ontario, huko Kanada, akaitwa Leila Marie Koerber. Akiwa na miaka 14 hivi aliondoka kwao, akafuatana na kikundi cha maigizo kilichokuwa kikizunguka mji hadi mji. Alikuwa na umbo kubwa, na enzi zile nafasi za wapenzi na mabinti wazuri hazikupewa mtu kama yeye. Akaushika uzito wake na kuufanya chombo cha kazi. Kwenye kumbi zisizo na kipaza sauti, aliyekaa kiti cha mwisho juu kabisa amelipa kama mwenzake wa mbele, naye anataka kuona. Haoni jicho likipepesa. Anaona bega, kiuno, goti. Dressler alijifunza kucheka na kushtuka kwa mwili mzima, na kusubiri kicheko kitoke mbele, kifike nyuma, kitulie, ndipo atie neno jingine. Alifika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1892, igizo la The Lady Slavey la 1896 likamfanya nyota, na mwaka 1910 akapata nafasi iliyomkaa kama nguo ya kushonewa: Tillie, mtumishi aliyechoshwa na kazi za nyumba ya wapangaji, ambaye anasinzia na kuota maisha mengine.

Tillie huyohuyo ndiye aliyempeleka kwenye sinema. Mwaka 1914 Mack Sennett wa studio ya Keystone alitengeneza Tillie's Punctured Romance, kichekesho cha mikanda sita wakati vingi vilikuwa vya mkanda mmoja au miwili. Charlie Chaplin na Mabel Normand wamo, lakini nyota wa filamu ni Dressler. Kwa historia ya vichekesho virefu ni kazi kubwa mno. Kwa Dressler mwenyewe, mimi naiona ilimpunja. Kamera imesimama mbali, tofali linarushwa, watu wanasukumana na kuanguka, na kila kitu kinakwenda mbio. Silaha yake kuu ni kusubiri, na hakuna anayempa nafasi ya kusubiri.

Mwaka 1919 aligoma pamoja na waigizaji wenzake wa New York, akawa rais wa kwanza wa chama cha wasichana wa kuimba na kucheza kwa kundi jukwaani, waliokuwa wakifanya mazoezi wiki nzima bila kulipwa hata senti. Miaka iliyofuata kazi zilimkauka kabisa.

Aliyemwinua ni Frances Marion, mwandishi wa filamu aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi na mwenye sauti kubwa katika studio ya MGM. Mwaka 1930, katika Anna Christie, filamu iliyosubiriwa kwa hamu kwa sababu Greta Garbo, nyota wa filamu zisizo na sauti, angesikika akisema kwa mara ya kwanza, Dressler ni Marthy, mlevi wa bandarini. Wanakaa meza moja. Garbo anazungumza, Dressler anamsikiliza, na jicho linamhamia yule anayesikiliza. Kamera imesogea karibu sasa, na kile alichokuwa akikifanya kwa mabega anakifanya kwa kope.

Mwaka huohuo akacheza Min and Bill, iliyompa tuzo ya Oscar tarehe 10 Novemba 1931, siku moja baada ya kutimiza miaka 63. Mwaka 1932 na 1933 wenye kumbi za sinema Marekani walimtaja kuwa nyota anayewaingizia fedha kuliko wote. Saratani ilimchukua Julai 1934.

Katika Min and Bill yeye ndiye Min, na anampiga Wallace Beery, yaani Bill, mpaka chumba kinavunjika, na ukumbi mzima unacheka. Kisha inakuja gati. Binti aliyemlea anaondoka kwa meli na mumewe, naye Min, ambaye ameua ili kumlinda, amejichanganya na umati asionekane, polisi wakiwa wanamjia. Safari hii mguu hausogei hata kidogo.