Maweni si jangwa: dhana potofu kuhusu ardhi ya mawe na maji yake

"Makunduchi na Jambiani ni kukavu kwa sababu mvua hainyeshi."

Mvua inanyesha. Jangwa kwa kawaida hupata chini ya milimita 250 kwa mwaka. Kusini na mashariki ya Unguja, ingawa hupata pungufu kuliko katikati ya kisiwa, hupata zaidi ya milimita 1,000, nyingi katika masika na nyengine katika vuli. Kinachokosekana ni udongo wa kuyazuia maji. Jiwe la maweni ni matumbawe yaliyoota zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Limejaa matundu na nyufa, na maji ya mvua, yenye asidi kidogo, yanazidi kuzipanua. Mvua ikipiga asubuhi, mchana unakanyaga jiwe kavu. Micheweni kule Pemba ni vivyo hivyo, ilhali vilima vya magharibi vya Pemba, vyenye udongo mzito, vina vijito. Na atakaye ushahidi aende msitu wa Jozani, Unguja: mawe ni yale yale, lakini bonde limekusanya udongo na maji yako karibu, basi miti imekwenda juu na masika msitu hufurika.

"Kisima kikitia chumvi, chimba zaidi."

Hapa ndipo visima vinapoharibiwa. Chini ya kisiwa, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 nyengine chini ya usawa huo. Karibu na ufukwe tabaka hilo ni jembamba sana. Ukivuta kwa pampu usawa ukashuka sentimita 10, maji ya chumvi yanaweza kupanda hadi mita 4. Kuchimba zaidi ni kuyafuata huko huko yaliko.

Fanya kinyume chake. Inua bomba la kuvutia liwe karibu na uso wa maji, tumia pampu ndogo, vuta kidogo kidogo kwa saa nyingi, kisha kiache kisima kipumzike. Visima viwili vifupi vilivyoachana ni bora kuliko kimoja kirefu. Maji yaonjwe mwisho wa kiangazi, kabla ya masika, maana hapo ndipo tabaka lina unene mdogo kabisa. Kisima cha karibu na pwani kupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kutoka peke yake si dalili ya chumvi. Bahari inayasukuma maji matamu kwa chini.

"Jiwe linachuja uchafu."

Mchanga huchuja, ufa hauchuji. Mita 30 zinazotajwa kati ya choo na kisima zinafaa kwenye udongo. Maweni uchafu unaweza kwenda mbali zaidi kwa muda mfupi. Chimbo la mawe au kokoto lililoachwa ni hatari zaidi, kwa sababu jiwe la juu limeshaondolewa na maji yako karibu na sakafu ya shimo. Kutupa taka humo ni kuzitia kisimani. Tunaomba sana jambo hili liachwe.

"Mawe hayaoti kitu."

Yanaota, kwenye vishimo vyenye udongo mwekundu: mtama, mbaazi, choroko, pilipili, tungule. Jembe halifai, na shamba lazima lilazwe miaka kadhaa.

"Maji ya paa hayatoshi kitu."

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 40, kwa mvua ya milimita 25, ni lita 1,000. Toa sehemu moja kwa tano kwa upotevu, zinabaki 800. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, kwani inakosha vumbi, vinyesi vya ndege na chumvi iliyoletwa na upepo wa baharini. Ndipo uelekeze mfereji kwenye tangi lenye kifuniko, mdomo wake umefungwa wavu wa mbu.