Kinga kali zaidi sio lazima iwe salama zaidi kwenye korona

Tangu 2020 mpaka leo watu bado wanaambiana ukitaka korona isikuzidi we pandisha kinga tu, yani ikiwa kali zaidi ndo salama zaidi. Hapana jamani, sio hivyo.

Wengi waliozidiwa sana vipimo vyao vya damu vilionyesha kinga imewaka kupita kiasi, yani protini za damu zinazoashiria inflamesheni (mwako wa kinga unaoleta uvimbe) ziko juu, IL-6 juu, CRP juu, feritini juu, huku limfosaiti, zile seli nyeupe za kupambana na virusi, zimeshuka. Interferoni, protini ya mwili ya kupambana na virusi, ambayo inatakiwa iwahi mwanzoni kabisa kuzuia kirusi kisizaliane, kwa baadhi yao ilichelewa, halafu baadae inflamesheni inalipuka na mapafu yanaumia hata kama kirusi kimeanza kupungua. Ndo maana dawa iliyookoa watu ni deksamethasoni, inayotuliza kinga! Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, Juni 2020, ulionyesha vifo vimepungua karibu theluthi moja kwa waliokuwa kwenye ventileta, mashine ya kupumulia, ila kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia, kwaiyo usijinunulie tu.

Sasa mtindo wa maisha unaingia hapo hapo. Mafuta mengi mwilini yenyewe yanatoa IL-6, kwaiyo mtu mwenye unene uliozidi anaugua wakati inflamesheni ya chinichini ilishaanza zamani, na kisukari kisichodhibitiwa hivyo hivyo, sigara nayo inaharibu mapafu. Mazoezi ya mara kwa mara yanasaidia sana, lakini zaidi kwa kupunguza hiyo inflamesheni, kuliko kuipa kinga ukali.