Je, wajua ni kwa nini Black Panther wa kwenye filamu si yule wa vitabuni?

Filamu ya shujaa yeyote inapotoka, wasomaji wa vitabu vya katuni huwa wa kwanza kulalamika kwamba mhusika wao amebadilishwa: nguvu zake si zile, adui yake hakuzaliwa hapo, mke wake hayupo. Malalamiko hayo mara nyingi ni ya kweli, lakini huliruka swali la msingi, nalo ni hili: mhusika huyo amebadilishwa kutoka kitabu kipi? Shujaa wa katuni hana mwandishi mmoja wala kitabu kimoja. Ameandikwa na watu wengi kwa miongo mingi, kila mmoja akiongeza, akifuta na kurekebisha yaliyoandikwa na mwenzake. Ili kuliona jambo hili vizuri ni afadhali kumtazama mhusika mmoja kwa makini, na sioni anayefaa kuliko T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuniwa ya Afrika, ambaye filamu yake ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilibadilisha mambo mengi kuliko watazamaji wengi wanavyodhani.

T'Challa alitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 52 la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966, kazi ya Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Katika hadithi hiyo anawaalika mashujaa wanne wa Marekani nchini kwake, kisha anawawinda ndani ya msitu uliojaa mitambo, apate kujipima kama yuko tayari kupambana na Klaw, mtu aliyemuua baba yake. Mwaka 1968 akajiunga na Avengers, kundi la mashujaa wa Marekani, na baadaye akawa anafundisha shule huko Harlem kwa jina la bandia la Luke Charles. Mwaka 1972 alibadilishwa jina kwa muda mfupi akaitwa Black Leopard, kwa kuwa chama cha siasa cha Wamarekani weusi kilichoitwa Black Panther, kilichoanzishwa Oktoba 1966, miezi michache baada ya yeye kutokea kitabuni, kilikuwa kimekwisha kuvuma. Kisha wakaja waandishi wengine: Don McGregor mwaka 1973, Christopher Priest mwaka 1998, Reginald Hudlin mwaka 2005 na Ta-Nehisi Coates mwaka 2016. Wakanda ya Coates, yenye raia wanaoasi dhidi ya mfalme wao, iko mbali sana na ile ya Kirby. Kwa hiyo filamu haikuwa na asili moja ya kuifuata, nayo ililazimika kuchagua.

Kazi kubwa zaidi ya uchaguzi huo inaonekana kwa Erik Killmonger. Huyu aliingia katika toleo la 6 la Jungle Action, la Septemba 1973, lililoandikwa na McGregor na kuchorwa na Rich Buckler. Vitabuni jina lake la kuzaliwa ni N'Jadaka, na ni Mwakanda wa kawaida tu, asiye na damu ya kifalme. Baba yake alilazimishwa kumtumikia Klaw, na familia ikalipia aibu hiyo kwa kufukuzwa nchini. Kijana akakulia Harlem, akasoma katika chuo cha MIT, kisha akarudi nyumbani na chuki iliyoiva, akimlaumu T'Challa kwa kuiacha nchi yake na kwenda kupigana vita vya watu wengine huko Marekani.

Filamu imelihifadhi jina, chuki na elimu, lakini imemhamishia Killmonger ndani ya ukoo wa kifalme. Sasa ni mtoto wa N'Jobu, mdogo wake Mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa, na amekulia Oakland, California, mji aliozaliwa Coogler mwenyewe na ambao ndiko chama cha Black Panther kilikoanzishwa. Mwaka 1992 T'Chaka anamuua ndugu yake kwa mkono wake na kumwacha mtoto huko huko, bila baba wala nchi. Badiliko hili linaweza kuonekana kama suala la nasaba tu, lakini linageuza uzito wote wa hadithi, kwa sababu kitabuni chanzo cha uovu ni mgeni aliyevamia Wakanda, ilhali kwenye filamu chanzo ni kiti cha enzi chenyewe. T'Challa hawezi tena kumpiga adui akarudi kulala. Inambidi kwanza akiri kwamba baba yake alitenda dhambi, na kwamba nchi yake ilijificha huku watu weusi wakiteseka duniani kote. Naamini hili ndilo badiliko bora kuliko yote yaliyofanywa katika filamu za Marvel, kampuni inayomiliki wahusika hawa, na sababu yake ni kwamba limechimba ndani zaidi swali ambalo McGregor alikwisha kuliuliza, yaani mfalme ana wajibu gani kwa wale aliowaacha.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo filamu imefuata kitabu karibu hatua kwa hatua. Katika toleo lile la mwaka 1973 Killmonger anamshinda T'Challa juu ya maporomoko ya maji na kumtupa chini. Kwenye filamu wanapambana ndani ya maji hayo hayo, mbele ya wazee, walinzi na familia ya kifalme, na mfalme anatupwa vilevile mpaka anapotea machoni. Tofauti iko kwa wanaotazama. Filamu imeligeuza pambano kuwa tendo halali la kisheria, desturi ya kumpata mfalme, hivyo Killmonger hapori ufalme bali anaushinda kwa utaratibu wa Wakanda yenyewe, na Okoye, jemadari wa walinzi, analazimika kumtii ingawa moyo wake unakataa.

Kwa M'Baku, jambo lilikuwa la namna nyingine. Alitokea mwaka 1969 katika toleo la 62 la Avengers, kazi ya Roy Thomas na John Buscema, akiitwa Man-Ape, mtu aliyevaa ngozi ya sokwe mweupe na aliyepata nguvu kwa kumuua mnyama huyo na kula nyama yake. Msomaji yeyote anayejua jinsi wabaguzi walivyowafananisha Waafrika na nyani kwa karne kadhaa ataona mara moja kwa nini mhusika huyo hangeweza kuletwa kwenye skrini kama alivyo. Mtayarishaji wa filamu, Nate Moore, alieleza hadharani kwamba kumvisha mwigizaji mweusi vazi la nyani lilikuwa tatizo wasilotaka kuligusa. Suluhisho lao lilikuwa la busara: jina la Man-Ape halitamkwi hata mara moja, sokwe amebaki kuwa alama takatifu ya kabila la Jabari wanaokaa milimani kwenye theluji, na Winston Duke, mwigizaji aliyezaliwa Tobago, amepewa mtu mwenye kiburi, ucheshi na heshima. Katika tukio moja M'Baku anamtisha Ross, jasusi wa Marekani, kwamba akisema neno moja zaidi atalishwa kwa watoto wa Jabari. Ross anapokauka kwa hofu, M'Baku anacheka na kueleza kwamba watoto wake hawali nyama. Yule aliyekula nyama ya sokwe mwaka 1969 sasa anatawala watu wanaokula mboga, na anayeijua historia yake haoni kuwa ni mzaha mtupu.

Wanawake wa Wakanda nao wamepita njia hiyo. Dora Milaje walibuniwa wakati wa Priest, na kitabuni walikuwa wasichana waliotolewa na makabila mbalimbali ili wawe walinzi na pia wachumba wa mfalme, mpango wa kuzuia makabila yasipigane. Walizungumza na mfalme peke yake, tena kwa Kihausa. Mmoja wao, Nakia, anapumbazika kwa mapenzi baada ya mfalme kumbusu, anafukuzwa, kisha anageuka muuaji aitwaye Malice. Filamu imeufuta uchumba na kuwafanya Dora Milaje jeshi kamili lililoapa kukilinda kiti cha enzi. Nakia wa Lupita Nyong'o ni jasusi anayewaokoa wanawake waliotekwa, na ndiye anayesema tangu mwanzo kwamba Wakanda inapaswa kuwasaidia wengine. Yule wa vitabuni aliishi kwa ajili ya T'Challa. Huyu anamkataa mfalme kwanza kwa sababu ana kazi yake. Siwezi kumwita Nakia huyu mwaminifu kwa asili yake, wala sioni sababu ya kuisikitikia asili hiyo.

Lakini si kila badiliko limetokana na uamuzi wa kisanaa. Msomaji wa vitabu aliyeuliza kwa nini Storm hayumo katika filamu ile alikuwa na haki. Ororo, yaani Storm, shujaa wa kundi la X-Men ambaye mama yake kwa mujibu wa vitabu alitoka Kenya, aliolewa na T'Challa katika hadithi za mwaka 2006, na ndoa hiyo ilikuwa tukio kubwa mpaka ilipobatilishwa mwaka 2012. Kwenye filamu hakuweza hata kutajwa, kwa kuwa Marvel, iliyofilisika mwaka 1996, ilikuwa imeuza haki za kuwatumia baadhi ya wahusika wake kwenye sinema. X-Men, na Storm pamoja nao, walikuwa mikononi mwa kampuni ya Fox, na Spider-Man mikononi mwa Sony. Disney, iliyoinunua Marvel mwaka 2009, haikuinunua Fox mpaka Machi 2019, mwaka mmoja baada ya filamu ya T'Challa. Kwa sababu hiyo hiyo Wanda na Pietro, ambao vitabuni kwa miaka mingi walikuwa watu waliozaliwa na vinasaba vilivyobadilika kama X-Men, walielezwa katika filamu ya mwaka 2015 kuwa wamepata nguvu zao kwa majaribio ya maabara.

Mambo mengine yalitokea kwenye seti. Ramani za Marvel huiweka Wakanda Afrika Mashariki, karibu na Ziwa Turkana, lakini Wawakanda wa kwenye filamu wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Chanzo ni John Kani, mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini aliyeigiza T'Chaka katika Captain America: Civil War, filamu ya mwaka 2016, ambaye alipendekeza kuzungumza lugha yake mwenyewe na Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, na lugha hiyo ikabaki. Msomaji wa Kisumu au Lodwar anaweza kuuliza kwa nini jirani yake anazungumza lugha ya Eastern Cape. Mavazi nayo yamekusanywa kutoka pande zote: shanga na wekundu wa Wamasai kwa Dora Milaje, blanketi za Basotho kwa walinzi wa mpaka, kofia ya mwanamke wa Kizulu kwa Malkia Ramonda, mama yake T'Challa. Kazi hiyo ilimpatia Ruth E. Carter tuzo ya Oscar mwaka 2019. Hapa filamu imekuwa aminifu zaidi kwa Afrika kuliko kwa vitabu, kwa sababu michoro ya Kirby, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa na mitambo mingi na Afrika kidogo sana.

Kama kuna hasara ninayoilalamikia kwa dhati, ni ya T'Challa mwenyewe. Yule aliyeandikwa na Priest ni mtu wa mikakati, anayefikiri hatua kumi mbele, na hadithi za Priest zinafichua kwamba alijiunga na Avengers ili awapeleleze, ajue kama ni hatari kwa nchi yake. Hata marafiki zake hawajui wakati wote anawaza nini. T'Challa wa Boseman ni mpole zaidi, mwepesi wa kusikiliza na wa kuomba radhi. Anampenda dada yake waziwazi, na tendo lake kubwa katika filamu ya mwaka 2016 ni kuacha kulipiza kisasi. Ni mfalme mzuri sana, ila ule ubaridi wa mtawala anayeweza kumtoa rafiki kafara kwa ajili ya taifa haumo.

Uhusiano huu pia hauendi upande mmoja. Shuri, dada yake T'Challa, aliyebuniwa na Hudlin na John Romita Jr. mwaka 2005, hakuwa vitabuni yule mhandisi mcheshi tuliyemzoea. Alikuwa binti wa kifalme mwenye hasira, aliyetaka vazi la kaka yake tangu utotoni. Baada ya Letitia Wright kumwigiza kama fundi wa maabara, Marvel ilimpa kitabu chake mwenyewe mwezi Oktoba 2018, kilichoandikwa na Nnedi Okorafor, na Shuri wa humo tayari ana sura ya yule wa filamu. Boseman alipofariki Agosti 2020, filamu iliyofuata, ya mwaka 2022, ilimvisha Shuri vazi la Black Panther, jambo ambalo vitabu vililifanya mwaka 2009, T'Challa alipokuwa amejeruhiwa vibaya. Vitabuni mungu chui anamkataa kwanza kwa sababu ya majivuno yake, na inambidi astahili. Kwenye filamu haamini mungu huyo kabisa. Ile mimea yenye umbo la moyo, inayompa mfalme nguvu, ilikwisha kuchomwa kwa amri ya Killmonger, kwa hiyo anaitengeneza upya maabara, anainywa, na anapotarajia kumwona mama yake katika ulimwengu wa mababu, anayemkuta amekaa kwenye kiti ni Killmonger, akimuuliza kama atakuwa kama kaka yake au atalipiza kisasi kama yeye. Tukio hilo halimo katika hadithi ya mwaka 2009, lakini swali linaloulizwa ni lile lile alilotakiwa kulijibu vitabuni kabla ya kupewa vazi.