Umehamia Tanga na unamshuku jirani: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Dalali akikuonyesha chumba Makorora au Ngamiani, mara nyingi humalizia kwa onyo: hapa patulivu, ila mtaa ule wa pili usithubutu, mateja watupu. Nenda mtaa wa pili, utaambiwa hayo hayo kuhusu ulikotoka. Mgeni anahamia na onyo hilo kichwani, kisha anaanza kumkagua kila kijana aliyekaa barazani kama ni teja, yaani mtumiaji wa unga (heroini). Naandika haya kwa sababu shuku ya namna hiyo humwangukia asiye na hatia, na mgonjwa wa kweli akakosa wa kumsaidia.

"Unga uko uswahilini"

Heroini ya huku kwa sehemu kubwa imetoka Afghanistan na kuvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi pwani yetu. Miji ya pwani ya Afrika Mashariki imeijua tangu miaka ya 1980, na haikubagua nani kazaliwa wapi. Uswahilini watu wanaishi barazani na uchochoroni, kwa hiyo kila kitu kinaonekana. Nyumba za Raskazone, mtaa wa wenye nacho, zina ukuta na geti. Mtumiaji mwenye chumba chake na choo chake haonekani na mtu. Ndiyo maana pia wanawake wanaotumia hawasemwi sana: wengi hutumia ndani, kwa kuogopa aibu, na hutafuta matibabu wakiwa wamechelewa.

"Mimi nikimtazama tu namjua"

Hii ndiyo inayoumiza watu wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Macho mekundu, mwili mkavu, anasinzia saa nne asubuhi chini ya mwembe. Tanga ni mji wa wavuvi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa kwa sababu hufuata mwanga, na mvuvi anayerudi alfajiri na samaki wake ana macho mekundu kwa chumvi, upepo na kukesha. Usingizi wake wa mchana ni haki yake. Mwili kukonda ghafla unaweza kuwa kisukari au kifua kikuu. Mzee anayetafuna na kutema mate mekundu anakula tambuu, yaani jani, popoo na chokaa, jambo ambalo babu zake walilifanya pia.

Tena macho mekundu huletwa zaidi na bangi kuliko unga. Aliyetumia heroini mboni zake husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, hata akiwa kivulini. Anajikuna pua na mashavu. Anasinzia akiwa amesimama: kichwa kinashuka, magoti yanalegea taratibu, na kabla hajaanguka anajirudisha. Akikosa, kati ya saa sita na kumi na mbili hivi baada ya dozi ya mwisho arosto inaingia: miayo isiyoisha, kamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, maumivu ya viungo. Utamwona kavaa sweta mchana wa jua kali.

Lakini mwenye malaria naye hutetemeka na sweta mchana wa jua kali. Hata dalili za kweli, ukizitazama kutoka dirishani kwako, hazikutoshi kumhukumu mtu.

"Nyumba inayogongwa usiku inauza"

Inauza, ndiyo. Barafu za ubuyu, maandazi ya alfajiri, sigara mojamoja, au mwenye nyumba ni wakala wa kutuma pesa. Watu wa Tanga hufanya biashara dirishani bila kuweka kibao.

Kilicho tofauti kwa muuza unga ni mwendo wa wateja wake. Heroini humshika mtu kwa saa chache tu, kwa hiyo mnunuzi wa kete, yaani kipakiti kidogo cha unga, hurudi mara mbili au tatu kwa siku, sura ile ile, na hakai. Mkono unaingia, mkono unatoka, hakuna hata "habari za nyumbani". Mara nyingi kijana mmoja husimama mwanzo wa uchochoro asiye na shughuli yoyote ila kutazama nani anaingia. Ukiyaona hayo siku baada ya siku, una sababu ya kutoa taarifa. Huna sababu ya kwenda kugonga, kupiga picha wala kuwatangaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

"Mirungi siyo dawa ya kulevya, mbona Mombasa inauzwa sokoni"

Kenya ni zao halali. Ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania ni kosa kuimiliki, kuiuza na kuitafuna, sawa na bangi. Waliohamia kutoka upande ule walielewe hili mapema.

"Wale wa Bombo wamebadilishiwa unga wa serikali"

Asubuhi utawaona wanaume kwa wanawake, wengine wamechoka sura, wakielekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mgeni huwaona akashika mkoba. Wengi wao wanakwenda kunywa methadoni, tiba ya uraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Tanzania Bara mwezi Februari 2011 pale Muhimbili na baadaye kusambaa mikoani. Mgonjwa hupewa kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu, anaondoka. Hakuna sindano, hakuna kutafuta pesa ya kete. Dozi moja humtuliza kwa muda wa siku nzima, na ikishakaa sawa hailewi: mtu anaamka, anaendesha bajaji, anakaanga mihogo, analea. Wiki za mwanzo, dozi ikiwa bado inapandishwa, anaweza kusinzia kidogo. Hatari iko kwa anayechanganya na pombe au vidonge vya usingizi, maana pumzi inaweza kukata.

Mtu anayeamka kila siku kwenda kunywa dawa yake ni jirani anayejitahidi kuliko wengi wetu. Mwenye nyumba anayemfukuza kwa sababu "bado ni teja" anamrudisha maskani, kijiwe cha watumiaji, kwa mikono yake mwenyewe.

"Afungiwe ndani wiki moja, atapona"

Mwili humaliza makali ya arosto ndani ya wiki hivi, na familia hufurahi. Kinachobaki ni hamu, ambayo hudumu miezi na miaka. Na hapa kuna jambo ambalo kila mzazi alijue: aliyekaa bila kutumia, iwe kwa kufungiwa, jela au nyumba ya upataji nafuu (sober house), mwili wake umepoteza uzoefu wa kuhimili unga. Akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua siku hiyo hiyo.

Ukimkuta mtu hashtuki hata ukimwita kwa nguvu, anakoroma kwa kukwama, midomo imekuwa ya buluu au kijivu, huo si ulevi wa kawaida. Usimnyweshe maziwa, usimwagie maji, wala mtu asimdunge maji ya chumvi. Mlaze ubavu, hakikisha anapumua, na mumkimbize hospitali. Ziko dawa za kurudisha pumzi zake akifika kwa wakati.

"Nikitoa taarifa nitajulikana"

Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure, na si lazima ujitaje. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Eleza ulichokiona: wapi, saa ngapi, mara ngapi. Usieleze unachokidhania.

Taarifa hiyo ni ya muuzaji. Kwa mtumiaji, anzia kwa mama yake, shangazi, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye ulipaswa kwenda kujitambulisha kwake tangu wiki ya kwanza. Salimia kwanza, kaa, ndipo ueleze. Wengi watakuambia wanajua, na wamechoka, na hawajui kwamba Bombo kuna kliniki na tiba yake ni bure.

"Sindano iliyookotwa uchochoroni, ichomwe moto tu"

Kuchoma hakumalizi sindano, chuma kinabaki majivuni na watoto wanacheza peku. Usirudishie kifuniko chake. Ishike kwa koleo, au mwilini mwake mbali na ncha, itie kwenye chupa ngumu ya plastiki, funga, peleka zahanati iliyo karibu. Mtoto akichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua kidonda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri.