Kwa nini panya 10 kila kundi? Kamati inavyosoma ombi la utafiti wa wanyama

Ombi la kutumia wanyama linapofika kwenye kamati ya maadili ya chuo, kurasa za mwanzo huwa zimeandikwa vizuri: ugonjwa unaua, dawa inahitajika, panya ndiye mnyama anayefaa. Hizo nazipitia upesi. Ninakokaa sana ni pale mtafiti anapoeleza idadi ya wanyama, na pale anaposema atamtoa mnyama kwenye jaribio lini. Sehemu hizo mbili ndizo zinazoamua kiasi cha mateso, na ndizo zinazoandikwa kwa haraka kuliko zote.

"Tutatumia panya 10 kwa kila kundi kama kawaida ya maabara yetu" si maelezo. Tunataka hesabu: tofauti ndogo kabisa yenye maana kwenu, mtawanyiko wa vipimo, kiwango cha kosa, yaani uwezekano wa kuona tofauti ambayo haipo, na uwezo wa jaribio kuiona tofauti hiyo ikiwapo. Chukua makundi mawili yanayolinganishwa kwa jaribio la t (hesabu ya takwimu inayolinganisha wastani wa makundi mawili), kosa 0.05 pande zote mbili, uwezo asilimia 80. Tofauti inayolingana na mkengeuko sanifu mmoja, yaani kipimo cha mtawanyiko huo, inahitaji wanyama 17 kila kundi. Ikiwa nusu ya hapo, wanahitajika 64. Kwa hiyo kupunguza idadi kwa kukisia si huruma. Panya 6 wasioweza kujibu swali wanakufa bure, kisha jaribio linarudiwa. Kosa jingine ni kuhesabu vibaya: dawa ikitiwa kwenye maji ya kunywa ya kizimba, kizimba kizima kinahesabiwa kimoja, hata kikiwa na panya 5 ndani.

Kanuni tatu walizoziandika wanasayansi Waingereza William Russell na Rex Burch mwaka 1959, yaani kutafuta mbadala, kupunguza na kuboresha, kila mwombaji anazitaja. Kuhusu mbadala sina mengi: anayeandika "hakuna mbadala" bila kueleza alitafuta wapi, lini na kwa maneno gani, ombi lake hurudishwa.

Kuboresha ndiko kwenye kazi. Kila ombi lazima litaje kikomo, yaani dalili ambayo ikionekana mnyama anatolewa au anauawa bila maumivu, kabla hajafa kwa ugonjwa wenyewe. Vikomo vinavyotumika sana ni kupungua uzito kwa asilimia 20, au uvimbe kufikia asilimia 10 ya uzito wa mwili. Vinaonekana wazi mpaka uviulize: asilimia 20 ya uzito upi? Panya mchanga bado anakua, kwa hiyo asipoongezeka tayari anaumwa ingawa mizani haijashuka. Alinganishwe na wenzake wa rika lake wasiofanyiwa jaribio. Mwenye saratani naye anadanganya mizani, kwani uvimbe unaongezeka huku misuli inakwisha. Ndiyo maana uzito peke yake hautoshi, na mpimaji ampapase mgongo na nyonga pia.

Panya huficha maumivu akimwona mtu. Mwangalie kabla hujagusa kizimba. Kuna kipimo cha uso chenye sehemu tano: macho kufumbika, pua, mashavu, masikio na sharubu, kila moja ikipewa alama 0 hadi 2. Kisha angalia ratiba ya dawa. Buprenofini ya kawaida, dawa ya kutuliza maumivu, haimkingi panya siku nzima, lakini maombi yanayoandika "mara moja kwa siku baada ya upasuaji" yapo mengi. Na nani atakuja Jumamosi usiku? Majina yaandikwe, pamoja na mafunzo yao.

Nchini Marekani, taasisi zinazopokea fedha za utafiti za afya ya umma hutakiwa kuwa na kamati ya watu wasiopungua 5, miongoni mwao daktari wa mifugo, mwanasayansi mwenye uzoefu wa kutumia wanyama, mtu ambaye kazi yake si sayansi, na mtu asiyehusiana na chuo. Huyo wa nje namthamini mno. Asipoelewa maelezo ya mateso, mara nyingi ni kwa sababu mwandishi ameyafunika kwa istilahi. Mjumbe mwenye ombi lake mezani atoke nje wakati wa uamuzi.

Kibali kikishatoka, utaratibu huanza kuhama taratibu: nusukaputi imebadilishwa, mwanafunzi mpya anapasua, damu imetolewa mara ya ziada. Panya wa gramu 25 ana damu takriban mililita 2, na kwa mara moja hazitolewi zaidi ya asilimia 10, yaani mililita 0.2. Kurudia kesho yake ni jaribio jingine, linalohitaji marekebisho ya kibali kabla ya sindano kuingia. Mkaguzi asiishie kutazama usafi wa vyumba. Achukue kibali, kadi ya kizimba na daftari la upasuaji, avisome sambamba.

Mkaguzi akikuta tofauti, na mnyama awe anaumia, daktari wa mifugo awe na mamlaka ya kumtibu au kumuua bila maumivu papo hapo, hata kama mtafiti hapatikani kwenye simu. Namba ya kuripoti ibandikwe mlangoni mwa chumba cha wanyama, mahali ambapo mfagiaji wa vizimba ataiona, na asilazimike kutaja jina lake.