Nyota njema na daftari la karani

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Mimi asubuhi hizo ndiyo kazi yangu. Nasoma rejista za ubatizo, matokeo ya mitihani, barua za kuomba kazi na mafaili ya polisi yanayohusu watu waliokuja kuitikisa dunia, kwa heri au kwa shari, yaliyoandikwa wakati hakuna aliyewajua zaidi ya majirani. Kwa miaka yote hiyo, mara nyingi nimekuta nyota imeonekana jioni, kisha watu wakarudi nyuma kuichora asubuhi.

Nikianza utafiti wa ujana wa mtu yeyote, swali langu la kwanza ni nani aliyeandika, na aliandika lini. Karani aliyejaza daftari siku ileile anaweza kukosea jina au tarehe, lakini hajui kwamba mtoto aliye mbele yake atakuwa mfalme. Mwalimu anayeulizwa miaka 30 baadaye anajua. Kumbukumbu yake imeshachanganyika na magazeti, sanamu na hofu. George Washington na mti wa mcheri ni mfano wa wazi. Kisa cha mtoto aliyeukata kwa shoka na kukiri mbele ya baba yake kilitolewa na Mason Weems, mhubiri na muuza vitabu, kikachapishwa mwaka 1806. Washington alikuwa amefariki mwaka 1799. Hakuna hati ya utoto wake inayokitaja. Tunachojua kwa hakika ni kwamba mwaka 1749, akiwa na miaka 17, alikuwa mpima ardhi wa wilaya ya Culpeper huko Virginia, kazi ya kutembea porini na minyororo ya kupimia. Kwangu habari hiyo inanoga kuliko mcheri, lakini huwezi kuitumia kumfunza mtoto asiseme uongo.

Hata karani naye asiaminiwe kibubusa. Mwaka 1785 Napoleon alihitimu shule ya kijeshi ya Paris akiwa wa 42 kati ya 58. Namba hiyo imezunguka sana, hasa kwa wazungumzaji wa kutia watu moyo: mnaona, hata Napoleon alikuwa wa mkiani! Lakini orodha ile ilikuwa ya waliofaulu mtihani wa maofisa wa mizinga, uliosimamiwa na mwanahisabati Laplace. Wengi waliomzidi walikuwa wamejiandaa kwa muda mrefu zaidi, naye alikaa shuleni pale mwaka mmoja tu, na katikati ya mwaka huo akafiwa na baba. Akatoka luteni-usu akiwa na miaka 16. Kama hujui daftari lilijazwaje, namba 42 itakudanganya.

Ndivyo ilivyo kwa Einstein na madai kwamba alikuwa akifeli hesabu. Mwaka 1895 alijaribu mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich akiwa na miaka 16, wakati umri wa kawaida ulikuwa 18. Hesabu na fizikia alifanya vizuri, masomo mengine ndiyo yaliyomwangusha. Tuendelee.

Kuna kijana mmoja ambaye hunirudisha kwenye mafaili kila nikidhani nimeshamwelewa. Maximilien Robespierre, aliyekuja kuwa mmoja wa viongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa, alizaliwa Arras, kaskazini mwa nchi hiyo, mwaka 1758. Mama akafariki Maximilien akiwa na miaka 6, baba akaondoka. Mtoto akapata ufadhili wa kusoma Paris, akarudi kwao akiwa wakili. Kesi iliyompa jina ilihusu kinga ya radi. Bwana mmoja wa Saint-Omer alikuwa ameweka chuma juu ya paa lake, majirani wakaogopa kwamba kitawavutia radi, na mahakama ya mji ikaamuru kiondolewe. Mwaka 1783 Robespierre alisimama mbele ya baraza la Artois, mahakama kuu ya jimbo lao, kuitetea sayansi, akashinda. Alifurahi mno: alichapisha hoja zake na kumtumia nakala Benjamin Franklin, mvumbuzi wa kinga yenyewe. Mtu wa miaka 25, wakili wa mkoani, anamwandikia mtu mashuhuri wa ng'ambo akitumaini kutambuliwa. Nani hajawahi kuandika barua ya namna hiyo?

Wakati huo alikuwa pia hakimu katika mahakama ya askofu. Dada yake, Charlotte, anasimulia kwamba ilipompasa kumhukumu mtu kifo, alirudi nyumbani amevurugika, hakula, akirudia kusema kwamba mtu yule ana hatia, lakini kumuua! Hapo mkono wangu husita. Kumbukumbu za Charlotte zilichapishwa miaka ya 1830, na zimeandikwa na dada aliyetaka kumsafisha kaka ambaye ulimwengu mzima ulimwita mla watu. Kama ningekuwa na ushahidi huo peke yake, ningeuweka pembeni.

Ila haupo peke yake. Tarehe 30 Mei 1791, katika Bunge la Katiba, Robespierre alipanda jukwaani kutaka adhabu ya kifo ifutwe kabisa. Hotuba hiyo ilitolewa mbele ya mamia ya mashahidi, ikachapishwa wakati uleule. Alisema adhabu hiyo si ya haki, na kwamba haizuii uhalifu. Bunge likamkatalia. Mwaka uliofuata, Desemba 1792, mtu yuleyule alidai mfalme Louis afe bila hata kesi ya kawaida, huku akikumbusha kwamba yeye mwenyewe huichukia adhabu ya kifo. Kufikia Juni 1794 alikuwa nyuma ya sheria iliyowanyima washtakiwa mawakili na kuiachia mahakama ya mapinduzi njia mbili tu: kuachiwa au kifo. Julai 28 mwaka huohuo akapelekwa kwenye gilotini, mashine ya kukatia vichwa, akiwa na miaka 36.

Wanafunzi wangu hutaka niwaambie yupi alikuwa Robespierre wa kweli. Wengine husema yule hakimu aliyelia alikuwa mnafiki tangu mwanzo. Sikubaliani nao. Yule wa 1783 hakuwa amevaa barakoa, kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Vita, njaa, usaliti wa kweli na wa kudhaniwa, na ile imani yake kwamba yeye na wananchi ni kitu kimoja, vilikuwa bado havijamfika. Ukiisoma kesi ya kinga ya radi ukitafuta damu ndani yake, utaiona damu, maana umekuja nayo.

Stalin naye ana ukurasa ambao watu huuruka. Rejista ya kanisa la Gori, Georgia, inaonyesha Ioseb Jughashvili alizaliwa Desemba 1878, wakati tarehe rasmi iliyosherehekewa na dola zima ilikuwa Desemba 1879. Baba fundi viatu na mlevi, mama aliyetamani mwanawe awe padri. Mwaka 1895, akiwa mseminari huko Tiflis (leo Tbilisi), mashairi yake yalichapishwa katika gazeti la *Iveria* kwa jina la Soselo. Ni mashairi ya mwezi, maua na nchi. Seminari akaiacha mwaka 1899, na mwishoni mwa mwaka huo akaajiriwa katika kituo cha hali ya hewa cha Tiflis. Kazi ilikuwa kusoma vipimajoto na vyombo vya kupimia mgandamizo wa hewa kwa saa zilizopangwa, na kuandika tarakimu daftarini.

Waandishi wa wasifu wake hukipita kituo hiki mbio ili wafike kwenye migomo, wizi wa benki na Siberia. Mimi hukaa hapo. Kazi ile ilimpa chumba cha kulala, mshahara mdogo, na mapumziko marefu kati ya kipimo na kipimo, muda wa kusoma vitabu vilivyokatazwa na kukutana na wafanyakazi wa reli. Machi 1901 polisi walivamia kituo. Yeye hakuwemo, akapata habari, hakurudi tena. Tangu siku hiyo akaanza maisha ya kujificha. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi mshairi Soselo alivyogeuka mtu wa kujificha maisha yake yote, aanzie kwenye upekuzi ule, asianzie kwenye kipigo cha baba. Watoto wa mafundi viatu waliopigwa na baba zao walikuwa wengi.

Chanzo ninachokiogopa kuliko vyote ni mhusika mwenyewe. Idi Amin alipenda kusimuliwa kama askari aliyepigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Rekodi za KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, zinasema aliingia mwaka 1946, akiwa msaidizi wa mpishi, vita vikiwa vimekwisha. Ubondia wake, kwa upande mwingine, ulikuwa wa kweli. Hitler naye, katika tawasifu yake, alidai kwamba chuki yake kwa Wayahudi ilikamilika akiwa Vienna. Lakini alipoishi katika bweni la wanaume kule, kuanzia 1910 hadi 1913, baadhi ya walionunua na kuuza picha zake walikuwa Wayahudi, na alifanya nao biashara bila ugomvi unaojulikana. Alikuwa akiupanga ujana wake ufanane na siasa zake. Na tafadhali, anayetaka kuniuliza ingekuwaje kama chuo cha sanaa kingempokea mwaka 1907, asiniulize.

Namalizia na barua moja. Juni 1911 kijana wa Vietnam aliondoka Saigon kwa meli ya Ufaransa akiwa msaidizi wa jikoni. Septemba mwaka huo, akiwa Marseille, alimwandikia rais wa Ufaransa akiomba nafasi katika Shule ya Kikoloni, chuo kilichofunza watumishi wa serikali za makoloni. Aliahidi kuwa na manufaa kwa Ufaransa miongoni mwa watu wake. Ombi likakataliwa. Mwaka 1945 kijana huyo alisimama Hanoi kutangaza uhuru wa nchi yake.

Barua ilipopatikana katika nyaraka za kikoloni, wapinzani wake wakasema alikuwa mtafuta cheo tu. Wapenzi wake wakasema ulikuwa ujanja wa kumpenya adui. Wote walikuwa wameshaufahamu mwaka 1945 kabla ya kufungua bahasha ya 1911. Mimi nikiisoma naona kijana wa miaka kama 21, kutoka familia ya kisomi, ambaye baba yake alikuwa amefukuzwa kazi ya uhakimu mwaka mmoja kabla, akijaribu mlango uliokuwa mbele yake. Chini ya barua kuna saini: Nguyen Tat Thanh. Ho Chi Minh lilikuwa jina ambalo lingepita karibu miaka 30 kabla ya yeye kulitumia.